Mtani wa Chenge

Paskazia alimpa Mjapani chumba kwa sababu alimwonea huruma, na kama kuna mwanamke mtaa wa Mirongo nzima, hapa Mwanza, ambaye huruma yake imezoea kuwaletea watu matatizo, ni yeye. Mtoto wa kaka yake, Venant, karani kwenye ghala la pamba, ndiye aliyekuja naye jioni moja. Mgeni mwenyewe alikuwa kijana mwembamba, shati jeupe, sanduku mkononi, uso umejaa vumbi na adabu.

"Shangazi, huyu bwana amekuja kununua pamba. Kampuni yao iko kwao, Japani. Nimempeleka hoteli, wamemkatalia."

"Kwa nini? Amekosa nini?"

"Hajakosa kitu. Karani hajui amweke wapi."

Ndivyo ilivyokuwa. Uhuru ulikuwa na miezi michache tu. Zamani kila rangi ilikuwa na mlango wake. Sasa milango yote ilikuwa ya wote, lakini karani wa hoteli hakuwa ameambiwa vizuri. Alimtazama kijana akaona Mzungu si Mzungu, Mhindi si Mhindi, akasema vyumba vimejaa. Funguo zote zilikuwa zinaning'inia ukutani nyuma ya kichwa chake.

"Japani ile ya vitambaa?" Paskazia aliuliza. Maisha yake yote alidhani Japani ni jina la kiwanda. Alikuwa na shuka la Japani alilonunua kabla ya kuolewa, na shuka hilo lilikuwa limedumu kuliko ndoa nyingi za mtaa ule.

Kijana akainama. "Shikamoo, mama. Jina langu Minoru." Kiswahili alijifunza Dar es Salaam nusu mwaka, akakitamka taratibu, kila neno limepigwa pasi.

"Marahaba, baba. Jamani, huyu ana adabu kuliko watoto niliozaa mwenyewe! Getruda! Hebu toa magunia chumba cha uani."

Mumewe, Mhoja Ngosha, hakuwepo. Alikuwa ng'ambo ya ziwa, Sengerema, ananunua ng'ombe wa bucha yake. Kama angekuwepo tusingekuwa na hadithi, maana Mjapani angelala ghalani juu ya pamba.

Na nyumba yenyewe ilikuwa tayari na shughuli yake. Mtoto wa mwisho wa Paskazia alikuwa ametimiza wiki sita na hana jina. Watu walimwita Huyu. Huyu amelala, Huyu amelowa, hebu mpokee Huyu. Padri alikwisha sema Jumapili ni ubatizo, na jina la ubatizo lilikuwepo. Lakini jina la nyumbani, lile la kuitiwa chakula, lilikuwa limekwama kwa bibi yake. Bibi Nyamizi, mama mzazi wa Mhoja, alitaka mtoto aitwe Chenge, jina la mdogo wake Mhoja aliyekufa vitani Burma. Na papo hapo yeye mwenyewe alikataa mtoto kuitwa hivyo.

"Jina la mtu ambaye matanga yake hayajamalizwa halipewi mtoto," alisema. "Mtoto atalibeba pamoja na kifo chake."

"Basi, mama, tuyamalize," Paskazia alimwambia.

"Tumalize nini? Niliambiwa amekufa. Sikuambiwa amekufaje. Aliyemwona ni mumeo, na mumeo ni bubu."

Tangu habari ile ya kifo ilipofika, wakati wa vita, Bibi Nyamizi hakuwa amenyoa. Nywele za matanga hunyolewa siku ya mwisho, na siku ya mwisho haikuja. Alizifunga kwa kitambaa cheusi, na miaka ilivyokwenda kichwa kikawa kama amebeba mzigo wa sokoni. Mhoja alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, pamoja na mdogo wake, kikosi kimoja. Kila alipoulizwa Chenge alikufaje, alinyanyuka akaenda kuchinja. Watu wa Mirongo walikula nyama nyingi kwa sababu ya swali lile.

* * *

Siku ya tatu Mhoja alirudi na boti ya asubuhi. Aliingia uani akamkuta kijana amechuchumaa mbele ya Bibi Nyamizi, anafundishwa kusema "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na bibi anacheka ufizi wote nje.

"Nani huyu?"

"Mgeni wetu, Baba Getruda. Anaitwa Minoru. Ni mtu wa pamba."

"Mchina?"

Kijana alisimama, akainama mpaka nywele zikaanguka mbele. "Hapana, baba. Mimi ni Mjapani. Shikamoo."

Marahaba haikuja. Kuku wawili wakapita kati yao. Getruda, binti yao, ambaye alikuwa na miaka kumi na mitatu na hajawahi kuona mtu mzima akinyimwa jibu la shikamoo, alisimama na ndoo kichwani mdomo wazi. Mhoja aliweka mfuko wake chini, kisha akauokota tena, akatoka. Alikwenda moja kwa moja buchani, na akatuma mtu amletee godoro.

Kesho yake asubuhi Paskazia alipanga foleni buchani kama wateja wengine, mtoto mgongoni. Zamu yake ilipofika, akasema kwa sauti, "Nipimie ratili mbili za nyama na mume mmoja."

Foleni ikacheka. Mhoja hakucheka.

"Mtoe yule mtu nyumbani kwangu."

"Simtoi. Amekula kwangu, amelala kwangu, jana amemchotea mama maji. Nimtoe nimwambie nini?"

"Unajua wale watu walitufanya nini?"

"Sijui!" Paskazia alisema, na sauti yake haikuwa ya utani tena. "Nitajuaje? Tumeoana miaka kumi na minne, umewahi kuniambia nini? Mama yako anauliza, unaenda kuchinja. Mtoto hana jina, unaenda kuchinja. Utawamaliza ng'ombe wa Usukuma nzima, Baba Getruda!"

Mwanamke mmoja aliyekuwa na kikapu alisogea pembeni kuwapa nafasi, akasahau hata nyama aliyoijia. Mhoja alipima ratili mbili, akampa mkewe bila kumtazama, na haya ilimjaa mpaka masikioni. Hakuna mtu asiyejua kwamba jambo likisemwa kwenye foleni ya nyama, mchana litakuwa limefika Butimba.

* * *

Ng'ambo ya barabara, barazani, Salum fundi cherehani alikuwa amesikia yote. Alikuwa Mzaramo, aliyekuja Mwanza na treni kabla ya vita akaonja samaki wa ziwa akasahau kurudi. Mzaramo na Msukuma ni watani, na Salum alikuwa hana siku aliyoacha haki yake ipotee bure. Alingoja foleni ikwishe, akavuka.

"Msukuma, nasikia mke amekuja kukununua mkashindwana bei."

"Niache, Salum. Leo sina utani."

"Utani ni koti, useme leo sijalivaa?" Akajikaribisha kwenye kigogo cha kukatia nyama. "Haya. Nani yuko kwako?"

"Mjapani."

"Ahaa. Mtani wako."

Mhoja aliweka kisu chini. "Umesemaje?"

"Usinitolee macho. Wangoni waliwafanya nini babu zenu?"

"Waliwapiga. Walichoma vijiji, wakachukua ng'ombe na wanawake."

"Na mwaka jana, ulipozika mjomba wako, yule polisi Mngoni alifanya nini?"

Mhoja alikuwa anakumbuka vizuri. Yule polisi aliingia kaburini, akalala chali, akasema kaburi ni lake mpaka apewe jogoo, na mtu wa kwanza kucheka msibani alikuwa Mhoja mwenyewe.

"Ndiyo hivyo," Salum alisema. "Watu wakishauana wanabaki na mawili, kisasi au utani. Babu zetu hawakuwa wajinga. Utani mkubwa hauzaliwi harusini, bwana, unazaliwa vitani."

"Sisi na Wangoni tulishasemezana. Kila mmoja anajua nani alimchoma nani, ndiyo maana tunacheka. Yule mtoto hajui kitu. Anainama tu na kutabasamu. Nitataniana vipi na mtu asiyejua?"

"Na nani wa kumjulisha? Mimi? Burma nilikwenda mimi?" Salum akainuka, akapangusa suruali. "Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema. Wewe mgeni amekuja, umekimbilia kulala na mapaja ya ng'ombe."

* * *

Jioni ile Mhoja alikwenda nyumbani kuchukua shati safi. Ndivyo alivyojiambia. Alipofika mlango wa uani akawakuta wanakula, ugali na sato wa kuchemsha, Minoru katikati ya Bibi Nyamizi na Getruda. Akasimama nje kidogo ya mwanga wa koroboi.

Bibi Nyamizi hakuwahi kujifunza kuzunguka neno. Alimeza, akasema, "Mjukuu wangu, mimi na wewe tuna jambo. Watu wenu walimuua mwanangu."

Minoru aliweka tonge chini. "Wapi, bibi?"

"Burma."

"Lakini Burma... kule tulipigana na Waingereza."

"Na Waingereza walikuja na nani?" Paskazia akadakia. "Mume wangu na shemeji yangu walikuwa Keya. Au walikwenda kule kuvua samaki?"

Kijana aliwatazama mmoja mmoja. Hakujua, na ilionekana usoni kabisa kwamba hakujua. Na kutojua kule kulimtia aibu kuliko kama angekuwa amekamatwa na wizi.

"Hatukufundishwa," alisema taratibu. "Vita vilipoisha nilikuwa darasa la kwanza. Mwalimu alituambia tulete wino na brashi. Akataja ukurasa wa kitabu, akataja mstari wa kusifu vita, tukaupaka weusi. Alikuwa mwalimu yule yule aliyetufundisha mistari ile. Kurasa nyingine zilibaki nyeusi zote. Mimi nilifurahi, bibi. Nilikuwa napenda kupaka wino."

"Na ulipokua?"

"Historia inaanza na wafalme wa zamani sana. Kila tukikaribia vita, mwaka wa shule unakwisha."

Paskazia akaangua kicheko, hakuweza kujizuia. "Kama katekista wetu wa Ukerewe! Kila mwaka hafiki amri ya sita, ile ya usizini. Tukaolewa hivyo hivyo!"

Hata bibi alicheka, kisha akarudi pale pale. "Baba yako je? Hakukuambia?"

"Baba alikuwa askari. Alirudi kutoka Burma amekonda sana. Hasemi. Nikimwuliza anaondoka, anakwenda kupasua kuni. Kwetu kuni ni nyingi mpaka majirani wanakuja kuomba."

Paskazia alikuwa amekwisha kumwona mumewe pale mlangoni. Alimtazama yeye, si kijana. "Huyo baba yako namjua," akasema. "Nimeolewa naye."

Mhoja akaingia. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya Mjapani, magoti yakakaribia kugusana.

"Marahaba," akasema.

Ilikuwa imechelewa, lakini ilifika. Kisha akamgeukia mama yake, na safari hii hakuna aliyemuuliza.

"Mahali panaitwa bonde la Kabaw. Mama, mvua ya kule si mvua. Matope magotini, malaria, nyumbu wanazama na mizigo yao. Wajapani wanarudi nyuma, sisi tunawafuata. Njiani maiti zao zilikuwa nyingi kuliko walio hai. Wamekufa njaa, wengine majani bado mdomoni. Asubuhi moja tukafika kwenye kibanda, ndani kuna wagonjwa wao, wameachwa. Sajenti akasema msiguse kitu. Chenge akaona mmoja amefumbua macho. Kijana, kama huyu. Akalowesha biskuti kwenye kopo, akapiga magoti, akamwinua kichwa. Nikamwita, Chenge, toka humo! Akanijibu kwa Kisukuma, 'Kaka, mama alisema mwenye njaa haulizwi kabila.' Akamlisha. Nilimwona yule mtu akimeza. Akameza, kisha akavuta bomu la mkono alilokuwa amelilalia."

Getruda aliziba mdomo. Mtoto mgongoni mwa Paskazia alikuwa akikoroma taratibu.

"Ndiyo maana sikukuambia, mama. Ungesema ni neno lako lililomuua."

Bibi Nyamizi aliyaacha machozi yateremke kwenye mikunjo ya uso, hayafuti. Alipoongea, aliuliza jambo ambalo Mhoja hakulitarajia.

"Alimeza kweli?"

"Alimeza, mama."

"Basi mwanangu hakufa akiua." Akashika kifua. "Mhoja, mwanangu, miaka yote hii nilikuwa naogopa hivyo. Nilikuwa najiuliza, mtoto wa mama gani mwingine naye analia kwa sababu ya Chenge wangu. Ungeniambia! Mjinga wewe, ungeniambia!" Akampiga kofi la bega, dogo, akauacha hapo hapo mkono wake.

Minoru alikuwa ameteremka kwenye mkeka, paji la uso linagusa chini. "Tuliimbishwa shuleni," alisema akiwa vile vile. "Bora kufa kuliko kukamatwa hai. Mimi niliimba kwa sauti kubwa kuliko wote. Kama ningezaliwa mapema kidogo, yule ningekuwa mimi."

"Inuka," Mhoja alimwambia. "Sikusema ni wewe. Lakini sasa unajua. Usije ukaniambia kesho kwamba hukujua."

"Sitasema, baba."

"Kula, basi. Sato akipoa hana maana."

* * *

Jumamosi wakamaliza matanga. Mbuzi alichinjwa, na kwa mara ya kwanza Mhoja alichinja bila kumkimbia mtu. Majirani walijaa uani, na Salum alikuja amevaa kofia ya zamani ya Keya ambayo hakuna aliyejua kaiba saa ngapi, akatangaza kwamba marehemu alikuwa anadaiwa naye pesa ya suruali tangu mwaka ule wa vita, na kwamba Wasukuma wanakufa mbali makusudi ili wasilipe fundi.

Bibi Nyamizi akakalishwa kwenye kigoda, kitambaa kikafunguliwa. Nywele zilishuka nyeupe mpaka mabegani, na wanawake wakaguna. Salum alipewa wembe, maana wembe wa matanga ni wa mtani. Akautazama, akatikisa kichwa.

"Mimi sikupigana na Chenge. Mtani wake yule pale, anajificha nyuma ya sufuria."

Watu wakageuka. Minoru alishikwa mkono na Venant, akasukumwa mbele, akapewa wembe. Alianza kunyoa polepole mno, anainamia kila shungi, na baada ya kidogo machozi yake yakawa yanadondokea kichwani mwa bibi.

"Wee!" Bibi Nyamizi akaruka. "Mtani gani huyu? Mtani halii! Kulia ni kazi yangu. Kazi yako kunichekesha. Nitukane."

"Bibi, siwezi."

"Nitukane, nimesema!"

Kijana akafikiri kwa taabu. "Kichwa chako... kinafanana na kiazi."

"Hilo ni tusi au sala?" Salum alipiga kelele. "Mtukane marehemu, bwana! Ndiye mtani wako!"

Mhoja alikuwa ameshika paja la mbuzi, hajui aliweke wapi. Minoru alifuta uso kwa mkono wa shati, akanyoosha mgongo, akasema kwa kile Kiswahili chake cha pasi, "Chenge, wewe ni askari gani? Serikali imekupa bunduki, wewe umefungua hoteli!"

Macho yote yakaenda kwa bibi. Kisha Bibi Nyamizi akaanza, tumboni kwanza, mabega yakafuata, akacheka mpaka akashikwa asianguke kwenye kigoda, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. "Hoteli!" akasema. "Ni kweli! Alifungua hoteli!" Ua mzima ukalipuka. Mhoja alicheka akiwa ameliinamia lile paja la mbuzi, na kicheko kikaendelea kupita kiasi mpaka kikageuka, akawa analia kwa sauti, mbele ya mkewe, mbele ya wateja wake, hajali. Paskazia alikwenda akasimama karibu naye. Salum alivua ile kofia akaishika mkononi.

Kunyoa kukaisha. Bibi Nyamizi alijipapasa kichwa, akashangaa upepo wa ziwa ulivyo baridi. Akanyoosha mikono.

"Nileteeni Chenge."

Getruda alimtoa mtoto ndani. Lakini kabla hajafika, Salum alimnong'oneza Mjapani kitu sikioni, na Minoru akampokea mtoto, akaenda kukaa kizingitini, miguu ameikunja, akaziba mlango.

"Mtani hatoki bure," alisema, na masikio yakawa mekundu kwa haya.

"Haya! Kumekucha!" wanawake wakapiga vigelegele.

"Unataka nini?" Bibi Nyamizi aliuliza, anajifanya mkali. "Jogoo? Paja la mbuzi? Sema upewe, unirudishie mjukuu wangu."

"Sitaki jogoo." Alimtazama yule mtoto, ambaye alikuwa amemshika kidole hamwachii. "Nimejua alivyokufa. Sijui alivyokuwa. Nataka habari zake zote, bibi, tangu alipozaliwa."

Bibi Nyamizi akaburuta kigoda chake mpaka kizingitini, akakaa, akajifunga kanga vizuri.

"Basi kaa sawa, na mshike kichwa asianguke," akasema. "Chenge alizaliwa nikiwa shambani, mvua inanyesha, na mkunga wangu alikuwa mbuzi."